Sekunde ya Sitini na Moja

Jumamosi ya tarehe 31 Desemba 2016, katika mji wa Saint Louis Park unaopakana na Minneapolis upande wa magharibi, dakika ya mwisho kabla ya saa kumi na mbili jioni ilikuwa na sekunde 61. Saa iliyofuata kanuni ilisoma 17:59:59, ikasoma 17:59:60, ndipo ikaingia 18:00:00. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala mwaka mpya ulikwishaingia, na sekunde hiyo hiyo ilipita muda mfupi kabla ya saa tisa usiku. Muscat ilikuwa inakaribia saa kumi alfajiri. Iliingizwa dunia nzima kwa mpigo mmoja, na karibu kila mtu aliendelea kulala au kusherehekea bila habari.

Wachache walikuwa na habari nayo tangu Julai. Hao ni watunzaji wa data za kisayansi: wanaosoma vipimo vya matetemeko, wanaosikiliza nyota, wanaopokea habari za setilaiti. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba kila kipimo kinaandikwa pamoja na wakati wake, na kwamba atakayekisoma miaka hamsini baadaye ataelewa wakati huo bila kubahatisha. Wanapofanya vizuri hakuna anayewaona. Huu ni ufundi, na kama ufundi wowote una kunga zake. Nimekuwa nikiutazama kwa muda kutoka hapa Minnesota, na kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyoona kwamba kunga zake zote zinarudi kwenye jambo moja: fundi mzuri hachanganyi alichokihesabu na alichokifasiri.

Tuanze na chanzo cha sekunde yenyewe. Zamani sekunde ilitokana na siku: ulichukua siku ya wastani ya jua, ukaigawa kwa 86,400. Mwaka 1955, katika maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza huko Teddington, Louis Essen na Jack Parry waliwasha saa ya kwanza ya atomu za sesiamu iliyoweza kutegemewa. Mwaka 1967 mkutano mkuu wa vipimo duniani ukaamua kwamba sekunde ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu 133. Tangu siku hiyo sekunde ikaacha kuitegemea Dunia. Urefu wake, hata hivyo, ulilinganishwa na hesabu za wanafalaki wa zamani, kiasi kwamba sekunde ya atomu inaoana na siku za miaka ya 1820 hivi, na siku zetu kwa kawaida ni ndefu kidogo kuliko hizo. Mwezi huvuta bahari, maji yakijaa na kupwa husuguana na sakafu ya bahari, na msuguano huo huipunguzia Dunia mwendo. Bamvua inayofunika mikoko ya Lamu ina mkono wake katika jambo hili.

Tofauti ya siku moja ni ndogo mno, milisekunde moja au mbili, mara nyingine chini ya hapo. Lakini hujumlishana. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1972 saa ya dunia, UTC, ilipewa mabwana wawili. Ihesabu sekunde za atomu, lakini isiachane na mzunguko wa Dunia kupita mpaka uliowekwa, ambao sasa ni sehemu 0.9 ya sekunde. Ikikaribia kuachana, inaongezewa sekunde moja mwishoni mwa Juni au mwishoni mwa Desemba. Ya kwanza iliongezwa tarehe 30 Juni 1972. Ile ya mwisho wa mwaka 2016 ilikuwa ya 27, na hadi ninapoandika haijaongezwa nyingine. Mfumo ulipoanza, UTC ilikuwa tayari nyuma ya saa ya atomu ya kimataifa, TAI, kwa sekunde 10. Kwa hiyo leo iko nyuma kwa sekunde 37.

Mwaka mrefu una kanuni. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukuambia leo kama Februari ya 2096 itakuwa na siku 29. Sekunde ya nyongeza haina kanuni kama hiyo. Kati ya 1972 na mwisho wa 1998 ziliongezwa 22, kisha ikapita miaka saba bila hata moja, mpaka mwisho wa 2005. Hakuna hesabu ya kukuambia ijayo itakuja lini, kwa sababu hakuna ajuaye Dunia itazungukaje miaka kumi ijayo. Ni lazima uambiwe. Anayekuambia ni shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa Dunia, IERS, ambalo kila Januari na kila Julai hutoa kutoka Paris tangazo fupi: mwishoni mwa nusu hii ya mwaka sekunde itaongezwa, au haitaongezwa. Kwa miaka mingi sasa jibu limekuwa kwamba haitaongezwa, na mafundi bado wanalisoma kila tangazo.

Ugumu unaanzia kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, na huhesabu kwa sharti kwamba kila siku ina sekunde 86,400 kamili. Tarehe 31 Desemba 2016 ilikuwa na 86,401. Sekunde ya mwisho ya siku hiyo ikakosa namba ya kwake, ikabidi iazime ya jirani. Namba 1483228800 inasimama kwa sekunde ya nyongeza, na inasimama pia kwa sekunde ya kwanza ya 2017. Fikiria sasa kifaa kinachopima mtikisiko wa ardhi mara 100 kwa sekunde. Vipimo 100 vya sekunde ya nyongeza na vipimo 100 vya sekunde inayofuata vyote vinabeba wakati mmoja. Ukivichora, vinalaliana. Ukitoa wakati wa tukio la kwanza katika wakati wa tukio la pili, unaweza kupata sifuri, au hata jibu lililo chini ya sifuri, kana kwamba la pili lilitangulia.

Programu nyingi hazikuandaliwa kwa jibu la namna hiyo. Sekunde ya 30 Juni 2012 iliamsha kasoro katika mfumo wa Linux, na seva nyingi zikaanza kuhangaika bila kazi. Huduma ya kusajili abiria ya shirika la ndege la Qantas ilikuwa miongoni mwa zilizokwama. Ile ya mwisho wa 2016 iliikuta kampuni ya Cloudflare na programu iliyoamini kwamba wakati haurudi nyuma kamwe. Ilitoa namba moja katika nyingine, ikapata jibu hasi, na sehemu ya huduma yake ikaanguka usiku huo. Hitilafu za aina hii huonekana mara moja, zikatengenezwa. Katika sayansi hatari ni ya aina nyingine: kosa la sekunde moja halipigi kelele. Linaingia kwenye data, linahifadhiwa vizuri, na linaweza kukaa humo miaka ishirini kabla mtu hajashangaa kwa nini hesabu zake hazikutani.

Kunga ya kwanza ya ufundi huu, basi, ni kuhesabu kwa mizani isiyoruka. Mfumo wa GPS unafanya hivyo. Ulianza hesabu yake usiku wa manane wa kuamkia tarehe 6 Januari 1980, saa za UTC, na tangu hapo unahesabu sekunde mfululizo, bila kuingiza sekunde za nyongeza. Leo uko mbele ya UTC kwa sekunde 18, ambazo ni sekunde zote zilizoongezwa tangu 1980. Wanasayansi wa mitambo ya LIGO, inayopima mawimbi ya mvutano, huandika matukio yao kwa hesabu hiyo. Baadhi yao wako katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ng'ambo ya pili ya Minneapolis ukitokea Saint Louis Park. Kazi moja ya LIGO inaonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote kwa nini uangalifu huu una maana.

Tarehe 17 Agosti 2017 LIGO ilipokea wimbi la nyota mbili za nyutroni zilizogongana, na ikaandika namba 1187008882. Setilaiti ya Fermi, inayotazama miale ya gama, ilipokea mmweko siku hiyo hiyo na ikaandika 524666471. Ukiziweka namba hizi mbili sambamba, haziambiani kitu. Ya kwanza inahesabu kutoka 1980, ya pili kutoka mwanzo wa 2001. Ili zizungumze, lazima zote mbili zirudishwe kwenye saa moja.

Tufanye hesabu hiyo taratibu, kama anavyoifanya fundi anapotaka kuikagua programu yake. Kutoka 6 Januari 1980 hadi 17 Agosti 2017 ni siku 13,738. Zidisha kwa 86,400, unapata 1,186,963,200. Toa katika namba ya LIGO, zinabaki sekunde 45,682, yaani 12:41:22. Lakini tangu 1980 ziliongezwa sekunde 18 ambazo kuzidisha siku hakukuziona. Ziondoe, unapata 12:41:04 kwa UTC. Sasa Fermi. Kutoka 1 Januari 2001 ni siku 6,072, ambazo ni sekunde 524,620,800. Toa, zinabaki 45,671, yaani 12:41:11. Tangu 2001 zimeongezwa sekunde tano: 2005, 2008, 2012, 2015 na 2016. Ziondoe, unapata 12:41:06. Wimbi lilifika kwanza, mmweko ukafuata sekunde mbili hivi baadaye. Walipopima kwa vipande vya sekunde walipata kwamba mmweko ulianza sekunde 1.74 baada ya nyota kugongana.

Angalia sasa kile ambacho kingetokea kama mtu angesahau nyongeza pande zote mbili. Angesoma 12:41:22 kwa wimbi na 12:41:11 kwa mmweko, na angetangaza kwamba mwanga ulilitangulia wimbi kwa sekunde 11. Kutokana na tofauti ile ndogo ya kweli, baada ya safari ya miaka milioni 130 hivi, wanafizikia walisema kwamba mwendo wa mawimbi ya mvutano na mwendo wa mwanga hautofautiani hata kwa sehemu moja katika trilioni mia moja. Hoja kubwa hivyo imesimama juu ya orodha ya sekunde 27 za nyongeza na mtu aliyekumbuka kuisoma.

Ndiyo sababu kunga ya pili ni orodha yenyewe. Ipo katika faili dogo la maandishi ambalo kompyuta nyingi hulibeba. Kila mstari una tarehe, na tofauti kati ya UTC na saa ya atomu kuanzia tarehe hiyo. Kinachonivutia katika faili hilo ni mstari mwingine: tarehe ya mwisho wa matumizi. Faili linatamka lenyewe kwamba baada ya siku fulani lisiaminiwe mpaka lipatikane jipya, kwa kuwa tangazo linalofuata huenda likaongeza mstari. Chini yake kuna alama ya ukaguzi iliyokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, ili mtu akibadilisha tarakimu moja ijulikane. Programu iliyoandikwa vyema ikiona muda umepita hulalamika. Iliyoandikwa vibaya hunyamaza na kuendelea kutumia orodha ya zamani. Sijaona vyombo vingi vya kazi vinavyotaja mpaka wa ujuzi wao kwa uwazi wa namna hiyo.

Kunga ya tatu ni kuweka alama palepale kipimo kilipo. Wataalamu wa matetemeko walilijua hili mapema. Kituo cha Kilima Mbogo, karibu na Thika, na kituo cha Mbarara, Uganda, vimo katika mtandao wa dunia wa vipima matetemeko, na data zao husafiri katika muundo uliokubaliwa kimataifa miaka ya 1980. Data hugawanywa katika vipande vifupi, na kila kipande kina kichwa chake: mwaka, namba ya siku ndani ya mwaka, saa, dakika, sekunde. Nafasi ya sekunde inaruhusiwa kufika 60. Zaidi ya hapo, kichwani kuna biti mbili zilizotengwa kwa kazi hii tu. Moja inasema kwamba ndani ya kipande hiki iliongezwa sekunde. Nyingine inasema ilipunguzwa. Kupunguzwa hakujawahi kutokea tangu mfumo uanze, lakini waliobuni muundo walijua kanuni inaruhusu, wakaacha nafasi. Biti mbili hazigharimu kitu, na atakayefungua kipande hicho baadaye hahitaji kukisia kwa nini kina vipimo 100 vya ziada.

Kwa wanaoishi Ukanda wa Ziwa hili ni jambo la karibu. Tetemeko la Kagera lilipiga Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani. Kujua tetemeko lilianzia wapi ni kulinganisha saa ambazo mawimbi yalifika katika vituo mbalimbali. Mawimbi ya kwanza hupita katika miamba ya juu kwa kasi ya kilomita sita hivi kwa sekunde. Saa ya kituo kimoja ikikosea kwa sekunde moja, kituo hicho kinavuta chanzo cha tetemeko umbali wa kilomita kadhaa. Ikikosea kwa sekunde 17, ambazo ndizo zilizotenganisha GPS na UTC mwezi huo, kituo hicho hakifai tena.

Na kosa la sekunde 17 si la kufikirika. Kipokezi cha GPS kikiwashwa baada ya kuzimwa muda mrefu hupata hesabu ya GPS upesi, lakini idadi ya sekunde za nyongeza hutangazwa na setilaiti mara moja tu katika kila dakika 12 na nusu. Kabla hakijasikia tangazo hilo, kipokezi kinaweza kukupa UTC kwa kutumia idadi ya zamani kilichoikumbuka, au bila idadi yoyote. Fundi anayejua kazi yake hamwamini mgeni huyo katika dakika zake za mwanzo. Anasubiri, au anaandika vipimo pamoja na kidokezo kwamba saa bado haijathibitishwa, na baadaye anarudi kuvirekebisha.

Hapo tunafika kwenye kunga ya nne, nayo kwangu ndiyo roho ya kazi hii: usifute cha mwanzo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye duka aliyelelewa na daftari anajua jambo moja zaidi, kwamba ukikosea huparuzi. Unachora mstari mmoja, unaandika sahihisho kando, ili mkaguzi aone yote mawili. Mtunza data naye huacha hesabu ghafi ya saa ya kifaa kama ilivyotoka, huandika kando yake wakati aliokokotoa, na huandika pia orodha aliyoitumia ilikuwa ya tarehe gani. Siku ikigundulika kwamba orodha ilikuwa imepitwa na wakati, hesabu ghafi ipo, na ukokotoaji unaweza kurudiwa. Aliyehifadhi tarehe na saa peke yake, bila kusema alizipataje, amekuachia neno bila shahidi.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika mwanzo wa habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama baharini nje ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya falaki ya eksirei peke yake, na kwa heshima ya siku na mahali ikaitwa Uhuru. Marjorie Townsend wa NASA ndiye aliyeongoza mradi, na kazi hiyo ni miongoni mwa zilizompa Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Maana yake ilikuwa angani, ikihesabu miale, wakati dunia inaongeza sekunde ya kwanza na ya pili katika historia, Juni na Desemba 1972.

Mambo mengi makubwa ambayo Uhuru ilituonyesha yalikuwa mambo ya wakati. Chanzo kinachoitwa Centaurus X-3 kilikuwa kinadunda kila baada ya sekunde 4.84. Hercules X-1 kilidunda kila sekunde 1.24. Midundo ya Centaurus X-3 ilichelewa na kuwahi kwa kupokezana, hadi karibu sekunde 40 kila upande, katika mzunguko wa siku mbili na kidogo. Jibu lilikuwa kwamba chanzo kinaizunguka nyota nyingine: kikiwa upande wa mbali mdundo una safari ndefu zaidi kutufikia, kikiwa upande wa karibu una safari fupi. Hakuna darubini iliyouona mzunguko huo. Ulipatikana kwa kuhesabu saa za kufika.

Chukua sasa mtu anayetaka kuunganisha midundo ya Hercules X-1 ya Juni 1972 na ya Julai mwaka huo. Tarehe 30 Juni ilikuwa na sekunde 86,401. Akiihesabu kama siku nyingine yoyote, midundo ya Julai itaonekana imeruka kwa sehemu nne kwa tano za mdundo mzima, na anaweza kuanza kutafuta sababu yake angani. Sababu ingekuwa Dunia yetu na kalenda yake. Wanaofuatilia nyota zinazodunda hukwepa mtego huu kwa kuhamisha kila saa ya kufika kutoka UTC kwenda kwenye saa ya atomu, kisha kwenye saa ya mahesabu ambayo iko mbele ya TAI kwa sekunde 32.184 daima. Ndipo wanapoanza kufikiri juu ya nyota. UTC kwao ni lugha ya kuandikia barua. Hesabu zenyewe hazifanywi humo.

Kabla ya GPS na intaneti, wakati ulifika kwa redio, na ufundi wa kuuandika ulikuwa wa masikio. Saint Louis Park ina jumba la makumbusho la redio lenye jina la Joe Pavek, mkusanyaji wa mitambo ya utangazaji, ambamo redio za vizazi vingi zimepangwa. Kipokezi kizuri cha mawimbi mafupi kinaweza kuinasa WWV, kituo cha serikali ya Marekani huko Fort Collins, Colorado, ambacho hutangaza wakati mfululizo. Kila sekunde ni mlio mfupi. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba milio michache ya mwanzo wa dakika hupigwa maradufu. Milio maradufu kati ya sekunde ya 1 na ya 8 inasema Dunia iko mbele ya UTC, na kila mlio ni sehemu ya kumi ya sekunde. Kati ya sekunde ya 9 na ya 16 inasema Dunia iko nyuma. Mwishoni mwa Desemba 2016 milio maradufu ilikuwa minne, kuanzia sekunde ya 9: Dunia nyuma kwa 0.4. Ikapita dakika yenye sekunde 61. Kisha milio maradufu ikawa sita, kuanzia sekunde ya 1: Dunia mbele kwa 0.6. Jumla ni sekunde moja kamili. Baharia au mpima ardhi aliweza kuyapata hayo yote kwa sikio na penseli. Walioubuni mpango huu hawakumficha msikilizaji kitu: walimpa saa ya atomu, wakampa na kipimo cha jinsi Dunia inavyoikosea.

Kampuni kubwa za kompyuta zilichagua njia nyingine. Google ilieleza mwaka 2011 jinsi ilivyoipaka sekunde ya nyongeza kidogo kidogo, na mtindo ulioenea baadaye huinyoosha kwa saa 24, kila sekunde ikirefushwa kwa mikrosekunde 11.6 hivi. Kompyuta haioni kuruka kokote. Kwa benki na barua pepe ni suluhisho la busara. Kwa mtu anayepima, ni saa inayosema uongo mdogo siku nzima, na usiku wa manane wa UTC uongo huo unafika nusu sekunde. Kaskazini mwa Minnesota, katika mgodi wa zamani wa chuma wa Soudan, mita 705 chini ya ardhi, mradi wa MINOS ulipokea nyutrino zilizotoka maabara ya Fermilab karibu na Chicago, kilomita 734 kwa njia ya chini kwa chini. Safari hiyo huchukua milisekunde zisizofika mbili na nusu. Mwaka 2007 watafiti wake walichapisha kipimo cha mwendo wa nyutrino, kwa kulinganisha saa za vipokezi vya GPS vya pande zote mbili, na matokeo yakaoana na mwendo wa mwanga. Saa iliyopakwa ingeweza kukosea kwa mara mia mbili ya safari nzima. Mtunza data, kwa hiyo, akikabidhiwa faili huuliza swali ambalo wengine hawalifikirii: saa ya kompyuta hii iliruka, ilirudia, au ilinyooshwa?

Sekunde za nyongeza sasa zinaelekea ukingoni. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo uliamua kwamba kufikia 2035 mpaka ule wa sehemu 0.9 upanuliwe, ili UTC iachwe iende bila kuongezewa kwa muda mrefu sana. Mwaka 2023 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio, uliofanyika Dubai, ulikubaliana na uamuzi huo. Kabla ya hapo, huenda ile biti ambayo haijawahi kutumika ikapata kazi. Miaka ya karibuni Dunia imeongeza mwendo, na mwaka 2024 Duncan Agnew wa California alionyesha kwamba huenda ikahitajika kupunguza sekunde moja mnamo 2029 hivi. Ingehitajika miaka mitatu mapema zaidi, alieleza, kama barafu inayoyeyuka Greenland na Antaktika isingesambaza maji yake kuelekea ikweta na kuipunguzia Dunia kasi.

Watu husema kwamba siku sekunde hizi zitakapokoma, kazi hii nayo itakoma. Kuongeza kutakoma, lakini kusoma hakutakoma. Midundo ambayo Uhuru iliihesabu mwaka 1972, mtikisiko wa Kagera, namba ya LIGO na namba ya Fermi vitaendelea kuwa katika hazina za data, na vyote vimeandikwa katika miaka ambayo saa ya dunia iliruka bila kanuni. Mwanafunzi wa mwaka 2090, akiwa Minneapolis au Dodoma, akitaka kupima kama nyota fulani imepunguza mwendo wake tangu karne iliyopita, atahitaji ile orodha ya sekunde za nyongeza, na hesabu ghafi ambazo mtu fulani alikataa kuzifuta. Bila vitu hivyo viwili, hataweza kujua kama ni nyota iliyochelewa au ni karani.